Kisiwa chenye Hazina: kwanini walimwamini John Silver halafu wakamshuku kapteni wao wenyewe?

#1 Mzee wa Tezi
Wakuu salamu. Nimerudia kusoma Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson, riwaya ya meli inayofuata hazina ya haramia Flint huku mpishi wake John Silver akipanga maasi kwa siri, mara ya kwanza nilikisoma nikiwa darasa la sita, kilikuwa kwenye kabati la marehemu babu kimeliwa na mchwa pembeni, na wakati ule mimi nilikuwa naangalia bastola na kasuku tu basi. Safari hii kuna kitu kimenikera mpaka usiku nikawa nagaragara.

Angalieni hii. Kabla meli Hispaniola haijang'oa nanga pale Bristol, Kapteni Smollett anawaita matajiri wake, yule bwanyenye Trelawney na Daktari Livesey, anawaambia kavukavu, safari hii siipendi, mabaharia hawa siwapendi, na ofisa wangu simpendi. Trelawney anavimba kama chura, anamchukia kapteni kuanzia siku hiyo. Huku Silver, mtu wa mguu mmoja aliyemuokota bandarini kwa maongezi ya kijiweni, anapewa ajira ya upishi na juu yake anasaidia kuajiri wengine. Yani jambazi anachagua walinzi wa benki!

Na Jim naye, mtoto aliyekuwa akilipwa sarafu kila tarehe mosi na baharia mzee Billy Bones ili aangalie kama anakuja baharia wa mguu mmoja, anamwona baharia wa mguu mmoja anasema aah huyu siye, huyu msafi ana tabasamu.

Hoja yangu ni moja, ni ulimi. Silver anakupa unachotaka kusikia, Smollett anakupa unachotakiwa kusikia. Karibuni mnipinge.

#2 kiti_cha_mbele
Nipo paleee, nimeshaweka mkeka.

#3 BintiMsasani
Asante kwa uzi. Mi nakupinga kidogo. Tatizo si ulimi wa Silver, ni mdomo wa Trelawney. Daktari alimwonya tangu mwanzo kwamba mtu pekee ninayemhofia ni wewe kwa sababu huwezi kufunga mdomo, akajibu nitakuwa kimya kama kaburi. Kufika Bristol mji mzima unajua wanafuata hazina! Smollett analalamika kwamba mpaka kasuku anajua.

Na wengi hawaioni hii, kapteni mwenyewe hakuambiwa. Aliajiriwa kwa maagizo ya siri, endesha meli tutakakokwambia. Akaja kugundua mabaharia wa kawaida wanajua safari kuliko yeye. Sasa hapo nani kaanza kutoaminika? Umemficha kapteni ukamwambia mpishi.

#4 Fundi Nanga
Mnazunguka sana wajameni, jibu ni HELA. Mimi nina mashua mbili huku kwetu Mafia naongea kitu nachokijua. Wale mabaharia walikuwa wa mshahara. Hazina ikipatikana inaenda kwa bwanyenye, daktari na dogo. Sasa wewe umewabeba watu wanakwenda kukuchimbia dhahabu kwenye kisiwa wanarudi na ujira wa mwezi halafu unashangaa wanakugeuka? Kwangu tukishatoa mafuta na barafu, nusu ya chombo injini na nyavu, nusu ya vijana, na nahodha anaongezewa. Hata kama siku hiyo tumepata changu wawili na pweza, kila mtu anajua chake ni kipi. Huwezi kununua uaminifu kwa mshahara wakati wa bahati, mshahara unanunua uaminifu siku za njaa tu

#5 Ostadhi wa Vitabu
@Fundi Nanga umegonga palepale, na nikuongezee nyama. Maharamia wa kweli wa miaka ile ya 1700 na kidogo walikuwa na utaratibu kama wako kuliko meli za serikali. Walikuwa na mkataba wanaoweka sahihi, mgawo unajulikana, kapteni anapata fungu moja na nusu au mawili, na kulikuwa na ofisa anayepigiwa kura na mabaharia kwa kazi ya kusimamia mgawo na kumdhibiti kapteni. Kota masta wanamwita. Na Silver kwenye meli ya Flint alikuwa nani? Kota masta huyohuyo! Yani huyu si mpishi, ni mtu aliyezoea kuaminiwa na watu mia wenye visu. Mwenyewe anajisifu kwamba wengine walimwogopa Flint lakini Flint alimwogopa yeye.

Alikuwa ameshaweka akiba pauni 900 kutoka safari za England na 2,000 baada ya Flint. Ndiyo maana Trelawney kwenye barua yake anajitapa kwamba mtu huyu ana akaunti benki na haijawahi kuzidiwa hata siku moja. Leo tungesema kaleta bank statement.

#6 Kasuku Mweupe
England tena? Aliweka akiba nchi ya Uingereza?

Halafu nyie mnapata shida bure. Baharia hamuuzi baharia mwenzie, kanuni ya mjini hiyo inajulikana kuanzia Buza mpaka Bunju. Silver ndo mwenyekiti wa mabaharia taifa 😂😂

#7 Ostadhi wa Vitabu
@Kasuku Mweupe hapana, England ni jina la mtu, Edward England, kapteni wa maharamia. Nitarudi kwake maana habari yake inatuhusu huku kwetu, kaa hapohapo.

#8 Mpishi wa Melini
Habari za saa hizi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimepika melini miaka kumi na moja, sasa nimeshuka. Mmesema ulimi, mmesema mdomo, mmesema pesa. Hakuna aliyetaja JIKO.

Skizeni. Melini watu wako kwenye zamu. Wa zamu ya usiku hamjui wa zamu ya mchana, mtu wa injini haonani na wa juu, ofisa hakai na mabaharia. Mtu mmoja tu hana zamu na anaonana na wote, nae ni mpishi. Anajua nani ameacha kula, nani anakula kwa hasira, nani anakuja kuomba chai saa tisa usiku kwa sababu hana usingizi. Silver angetaka cheo angepata, huyu ametafuta jiko. Stevenson anasema jiko lake lilikuwa linang'aa, sahani zimeng'arishwa zimeninginizwa, kasuku kwenye kitundu kwenye kona, na Jim akienda anakaribishwa njoo mwanangu tupige hadithi. Wallahi ndivyo inavyofanywa.

Kisa changu. Meli niliyokuwa nayo ilitelekezwa bandari moja ya Ghuba, mwenye meli alikata simu, miezi minne bila mshahara, wakala kila siku kesho kesho. Kapteni hakuaminiwa na mtu maana walisema yeye amelipwa kisirisiri. Ufunguo wa stoo ya chakula ulikuwa kwangu. Watu wa nchi tano tofauti wakaanza kuja mmoja mmoja kuniuliza mimi, si kapteni, tutatoka lini. Nilikuwa sijui lolote! Lakini mimi ndiye niliyekuwa napima mchele. Kama ningetaka maasi ningeyapika kwa sufuria moja.

#9 BintiMsasani
@Mpishi wa Melini hii imeniingia kweli, pole sana na asante. Ndo maana kitabu kwanza kilikuwa kinaitwa Mpishi wa Baharini, yani hilo ndilo jina Stevenson alilompa mwanzoni kabla hakijatoka kwenye jarida la vijana 1881 hadi 1882. Kitabu chenyewe 1883.

#10 dogo_janja_04
mimi nina swali, yule ofisa wa kwanza Bwana Arrow, mlevi, alipotea usiku bahari ikichafuka na hakuna aliyejua pombe anaitoa wapi. Silver ndo alikuwa anampa!! na ndo alimsukuma. ushahidi: mpishi ndo ana stoo

#11 Kasuku Mweupe
Chai hiyo dogo, na imewekwa sukari nyingi.

#12 Mpishi wa Melini
Kitabu hakisemi. Lakini mimi kama mpishi nasema dogo hajakosea sana. Pombe melini haitoki angani.

#13 Sarahangi Mstaafu
Salaam. Mimi nimefanya kazi majahazini ujanani, Unguja, Lamu mpaka Maskati, baadaye vyombo vya injini. Niseme jambo ambalo halitawapendeza. Mnamsifu Smollett. Mimi simsifu.

Kapteni akishapanda chomboni na kusema siwapendi watu hawa, watu hao watasikia tu, chombo hakina ukuta. Na alifanya nini siku ileile? Baruti na silaha zilikuwa zinapakiwa omoni, yaani mbele, akaamuru zihamishiwe tezini, nyuma, chini ya kabini, na watu wa wale matajiri wahamishwe walale hukohuko wakizunguka silaha. Yaani amegawa chombo kimoja kikawa nchi mbili kabla ya kutweka tanga. Silver anafika anawakuta wanahamisha anauliza kuna nini, anaambiwa nenda jikoni kapike. Mbele za watu. Baharia ukimtazama kama mwizi kila siku ataona bora aibe, maana jina ameshalipata bure.

Nahodha wangu wa kwanza alikuwa Mswahili wa Lamu, alikuwa akishuku mtu hamwambii. Anamweka karibu yake kwenye usukani usiku, anamwongelesha mpaka mtu mwenyewe anasema. Hiyo ndiyo kazi ya unahodha.

#14 Mzee wa Tezi
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo tutakosana. Njama ilikuwepo kabla baruti hazijasogezwa hata inchi moja. Silver alimshauri Trelawney awafukuze mabaharia wawili kati ya wale sita au saba aliokwishawaajiri mwenyewe, eti hawafai, hawajui bahari. Mi naona aliwatoa kwa sababu walifaa! Halafu akajaza watu wa Flint. Kwa hiyo Smollett hakuunda wezi, aliwanusa.

#15 Sarahangi Mstaafu
Marahaba. Wezi waliletwa, sikatai. Lakini si waasi wote kumi na tisa walikuwa wa Flint. Yule kijana Dick aliyeshawishiwa safarini alikuwa wa nani?

#16 BintiMsasani
Hapo mzee kaua. Tukumbushane hesabu: chomboni walikuwa 26. Jim alipotoka kwenye lile pipa la matofaa alimosikia njama hesabu ikawa wa kuaminika ni saba tu, na kati ya saba mmoja mtoto, kwa hiyo watu wazima sita kwa kumi na tisa. Lakini hata hiyo kumi na tisa ni ya kukadiria! Baadaye baharia Abraham Gray anaitwa na kapteni, Gray naondoka sasa nifuate, anatoka mbio na jeraha la kisu shavuni anaruka kwenye mashua. Na Tom akauawa kwa kukataa. Na Alan. Kwa hiyo walikuwepo watu waaminifu ambao hakuna aliyejisumbua kuwauliza.

#17 Mjukuu wa Forodhani
Samahani natoka nje ya mada kidogo, hilo pipa ni la matofaa gani? Haya yetu ya Unguja ya pinki yenye kokwa ndani au? Maana pipa zima la matofaa yetu kwa wiki mbili baharini yangeoza yakawa togwa.

#18 Kasuku Mweupe
Maepo mkuu. Epo la Sauz lile.

#19 Mjukuu wa Forodhani
Haya. Maana mie miaka yote namwona yule mtoto kakaa kwenye matofaa yetu.

#20 mshumaa_wa_usiku
Msiliache hilo pipa, dhahabu yote ya kitabu iko mle na mmeipita. Jim kaingia mzima mzima kutafuta epo la mwisho, usingizi unamnyemelea, Silver anakuja anaegemea pipa. Anaanza kumtongoza Dick, wewe ni kijana mdogo lakini una akili nyingi, nimekuona tu nikajua nitaongea na wewe kama mtu mzima. Na Jim mle ndani damu inamchemka, kwa nini? Kwa sababu ni MANENO YALEYALE Silver aliyomwambia yeye! Neno kwa neno. Anasema angeweza angemuua kupitia ubao wa pipa. Mimi nimesoma hapo mara tano, sioni hasira ya mtu aliyegundua uharamia, naona wivu wa mtu aliyekuta meseji zake zimeforwadiwa kwa mwingine.

Halafu Dick anampa mkono, amenasa. Dakika hiyohiyo wanataka ramu. Silver anamwambia Dick, nakuamini, ufunguo huu hapa nenda kachote, ila ujue pipa nimeliwekea kipimo.

Someni tena. NAKUAMINI. NIMEWEKA KIPIMO. Sentensi mbili zimekaa kitanda kimoja.

#21 kiti_cha_mbele
Duuh.

#22 Fundi Nanga
@mshumaa_wa_usiku hapo umenigusa pabaya ngoja niseme ukweli tu humu hamnijui. Mimi dumu la petroli la lita ishirini likitoka kwangu nalikwaruza na msumari kwa pembeni chini ya mkono pale kwenye kivuli, mkwaruzo mdogo kama kucha, usawa wa mafuta yalipoishia. Chombo kikirudi naangalia. Kijana anayelibeba ni mtoto wa dada yangu, ananiita mjomba, anakula kwangu, na kila siku namwambia mwanangu nakuamini. Sijawahi kumkamata hata kikombe. Lakini msumari sijauacha mwaka wa tatu huu

#23 Kasuku Mweupe
Silver wetu huyu hapa! Mguu wa pili unao mkuu au? 😂

#24 Mpishi wa Melini
Usimcheke. Bila kipimo kijana akishutumiwa na wengine utamteteaje? Mimi mchele nilipima mbele ya watu kwa bakuli moja lilelile, na ndiyo iliyoniokoa. Tofauti ni kwamba mimi nilipima hadharani na yeye anapima kivulini.

#25 mshumaa_wa_usiku
Na Silver alisema wazi. Hapo Silver kamzidi Fundi uungwana, samahani lakini ndo hivyo.

#26 Ostadhi wa Vitabu
Nimerudi kama nilivyoahidi. Kwanza, kitabu hiki kina Kiswahili chake cha zamani, kilitafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, yule aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Pengine ndicho alichokuwa nacho babu yake mleta uzi.

Pili, Edward England. Silver anasema alianza na England kisha Flint. Flint ni wa kutungwa, England ni wa kweli. Agosti 1720 yeye na wenzake waliikuta Nzwani, Komoro hiyo hapo jirani, meli ya Kampuni ya Mashariki ya India inaitwa Cassandra, kapteni wake James Macrae. Macrae alikuwa na mwenzake wa meli nyingine, Greenwich, wakakubaliana tupigane pamoja. Vita ilipoanza Greenwich ikatweka matanga ikaondoka, ikasimama mbali inatazama. Mnataka habari za uaminifu wa mabaharia, hiyo hapo!

Macrae akapigana peke yake masaa, akapandisha chombo mwambani, akakimbilia nchi kavu na majeruhi wake. Siku kadhaa baadaye, bila njia nyingine, akaenda mwenyewe kwenye meli ya maharamia kuongea nao. Wakaanza kubishana kama wamuue. Mara akatokea jambazi mmoja mwenye ndevu za kutisha, MGUU WA MTI, amejichomeka bastola mwili mzima, akamshika Macrae mkono akaapa kwamba aliwahi kusafiri na mtu huyu, ni mtu mwema, atakayemgusa atanikuta mimi. Wakamwachia, wakampa na meli yao mbovu akafika Bombay. Baadaye akawa gavana wa Madras.

#27 dogo_janja_04
kwa hiyo huyo mguu wa mti ndo Silver!! na hizi habari kaziandika huyohuyo Johnson aliyetafsiri?

#28 Ostadhi wa Vitabu
Hapana dogo, Johnson wawili tofauti, wamepishana miaka mia mbili. Wa maharamia ni Kapteni Charles Johnson, kitabu chake cha 1724 ndicho Stevenson alichokisoma. Na Silver mwenyewe Stevenson alisema alimtoa kwa rafiki yake, mshairi William Henley aliyekatwa mguu. Ila mguu wa mti wa Nzwani nao upo kwenye kitabu alichokisoma, kila mtu aamue.

#29 mzalendo_wa_ngazija
Wa Komoro tupo humu tunasoma. Ila Ostadhi nikusahihishe au nimsahihishe Silver. Kitabuni anasema England aliikamata meli ya Mfalme Mdogo wa Goa, yaani mwakilishi wa mfalme wa Ureno. Si kweli. Ile meli ya Wareno ilikamatwa Réunion Aprili 1721 na maharamia Taylor na Mfaransa La Buse. Wakati huo England alishavuliwa ukapteni na watu wake mwenyewe, wakamtupa Mauritius na wenzake wachache. Kosa lake? Alimhurumia Macrae.

#30 Mzee wa Tezi
Aisee. Yani alivuliwa cheo kwa sababu ALITIMIZA neno?

#31 mzalendo_wa_ngazija
Ndiyo hivyo. Walisema Macrae akifika India atarudi na meli za kivita.

#32 Sarahangi Mstaafu
Basi hapo mmefika kwenye jambo la Jim na ahadi. Maharamia wamemshika Jim ngomeni, Daktari anakuja kutibu wagonjwa, Silver anaruhusu waongee pembeni ya uzio kwa sharti Jim aape hatatoroka. Daktari anamwambia ruka Jim, tukimbie, lawama nitabeba mimi. Jim anakataa, nimeshatoa neno langu. Kila mwalimu anafundisha watoto hapo ahadi ni deni. Mimi nauliza, kijana huyuhuyu alitoroka zamu ya ngome akaiba mashua ya mtu usiku, akawaacha wenzake na majeruhi bila kuaga. Neno kwa adui analishika, zamu ya wenzake anaiacha. Kwenye jahazi angelala na njaa siku tatu.

#33 BintiMsasani
Mzee lakini asingetoroka meli isingepatikana! Aliikata nanga akaipeleka ufukwe mwingine.

#34 Sarahangi Mstaafu
Bahati, binti yangu. Usiniambie bahati ni uaminifu.

#35 mshumaa_wa_usiku
Na akiwa kwenye hiyo meli na Israel Hands, mmoja wa waasi, ona alivyokuwa. Hands anamtuma chini akalete mvinyo, Jim anajua anadanganywa, anashuka kwa kishindo kisha anavua viatu anapanda kwa upande mwingine anachungulia, anamwona mtu aliyejidai hawezi hata kujisogeza anatambaa kuchukua kisu anakificha kwenye koti. Halafu Jim anarudi na mvinyo anajifanya hajaona kitu, wanaendesha chombo pamoja wanasaidiana mpaka ufukweni. Wawili wanajua kwamba mwenzake ni muuaji au atauawa na bado mmoja anashika usukani mwingine anatoa maelekezo vizuri kabisa. Hiyo nayo tuiite nini?

#36 Ostadhi wa Vitabu
Israel Hands naye jina la mtu wa kweli, alikuwa na haramia Blackbeard. Blackbeard alizima mshumaa mezani akafyatua bastola chini ya meza ikampata Hands gotini, wakamuuliza kwanini, akasema nisipoua mmoja wao mara mojamoja watasahau mimi ni nani.

#37 Mpishi wa Melini
Na mimi niseme la Daktari maana kila mtu anamwacha, kwa sababu ni daktari. Ben Gunn, haramia aliyeachwa na wenzake, alikaa kisiwani miaka mitatu anaota jibini, hazina alishaichimba yote akahamishia pangoni kwake. Daktari akijua hayo anampa Silver ramani! Ramani ya shimo tupu. Watu sita wanaenda kuchimba kwa mate kinywani, wanakuta shimo limeota majani. Huo ni mtego na ni werevu, sawa. Lakini Jim alikuwa amefungwa kamba mkononi mwa Silver wakati huo, na Daktari alikuwa anajua wanakwenda kukasirika. Alifika mbio kumuokoa, nusura achelewe. Mpishi angefanya hivyo mngemwita haramia.

#38 mama_wa_wawili
Jamani mwenye pdf ya hicho cha Kiswahili anitumie, mwanangu yuko darasa la saba.

#39 kiti_cha_mbele
Na mimi.

#40 Kasuku Mweupe
Mnaomba pdf kwenye uzi wa maharamia, hamna hata haya 😂

Serious sasa. Mi kwa mimi Silver aliisha pale kwa Tom. Tom amesema hapana, akamgeuzia mgongo akaanza kutembea. Silver akarusha mkongojo wake ukampiga katikati ya mgongo, akamrukia bila mkongojo kwa mguu mmoja, visu viwili. Halafu akafuta kisu kwenye majani. Jim yuko kichakani anaona. Sasa kurasa nyingi mbele mtu huyuhuyu anamkinga Jim asiuawe na wenzake, wakamletea doa jeusi, yaani karatasi ya kumvua ukapteni, wamelikata kwenye Biblia ya Dick, na yeye anacheka tu, anawajibu mashtaka yao manne moja baada ya jingine kama wakili. Mi sijui kama alimpenda Jim au alimweka akiba kama alivyoweka zile 2,000.

#41 Mzee wa Tezi
Vyote viwili?

#42 Kasuku Mweupe
Usinijibu kama mwanasiasa mkuu.

#43 BintiMsasani
Na mwisho katoroka na mfuko wa sarafu kwa msaada wa Ben Gunn, na kila mtu chomboni alifurahi kwamba kaondoka kwa bei rahisi vile. Ben Gunn naye pauni elfu moja kazimaliza siku kumi na tisa. Fundi Nanga mgawo wako huo.

#44 Fundi Nanga
Wakuu nimerudi nimekaa siku mbili bila kuandika. Juzi baada ya uzi huu nikasema ngoja niache msumari, sikulikwaruza dumu kabisa. Leo alfajiri chombo kimerudi, dogo kaliweka dumu chini ya upenu wa nyumba. Nikaenda tu kwa mazoea kuangalia. Mikwaruzo yangu ya zamani ipo. Pembeni yake kuna mingine, midogo, imepangwa mstari mmoja na yangu, kila wangu una wake. Si yangu hiyo. Nimehesabu inarudi nyuma kama mwaka. Na wa juzi ambao mimi sikuweka, yeye kaweka.

Sasa hivi yuko hapa anakunywa chai na mihogo hajasema kitu na mimi sijasema kitu